Chungu Hakina Kabila

Katika ghala lolote la mambo ya kale Afrika Mashariki, kitu kinachochukua nafasi kubwa kuliko vyote ni vigae vya vyungu. Vimejaa masanduku, vimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na kila kimoja kimeandikwa kwa wino namba ya shimo na ya tabaka kilikotolewa. Dhahabu ni adimu, sarafu ni za kuhesabu, na maandishi ni machache zaidi. Sababu yake ni nyepesi. Mbao huliwa na mchwa, nguo huoza, jembe lililochakaa hufuliwa upya, lakini udongo ukishapita motoni haurudi tena kuwa udongo. Na chungu kikivunjika hakuna anayehangaika na vipande vyake; huachwa palepale uani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya watu walioishi pwani hii miaka elfu moja au elfu mbili iliyopita imetokana na ajali za jikoni.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na mwaka wa kwanza niliutumia kujifunza majina ya vigae hivyo kama bibi harusi anavyojifunza majina ya ukoo wa mume. Kuna vyungu vya Urewe, kutoka upande wa Ziwa Victoria, ambavyo Mary Leakey na wenzake waliviandikia mwaka 1948 kama vyungu vyenye kibonyeo kitakoni. Kuna vya Kwale, ambavyo Robert Soper alivitambulisha mwaka 1967 kutoka vilima vya kusini mwa Mombasa. Kisha kuna vile ambavyo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alivipa jina kutokana na pambo lake, yaani pembetatu zilizochanjwa kwenye shingo na mabega ya chungu, huku wenzake waliochimba upande wa Kenya wakiviita mapokeo ya Tana, kwa jina la mto. Hivi vya mwisho vilitumika kati ya karne ya 6 na ya 10, na vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Ngazija, na hata Dakawa mkoani Morogoro, mbali kabisa na bahari.

Kwenye vitabu tulivyosomeshwa, kila jina la kigae lina ramani yake, na kila ramani ina mishale. Mshale wa Urewe unatoka Maziwa Makuu. Mshale wa Kwale unateremka na pwani kuelekea kusini. Mshale maana yake ni watu: walitembea na lugha zao za Kibantu, na ujuzi wao wa chuma, na mbegu zao, na vyungu vyao. Penye chungu cha namna fulani ndipo walipofika watu wa namna fulani. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani huupenda mshale kwa sababu unakumbukika. Mimi pia niliupenda.

Tena kanuni hiyo ya kwamba chungu ni watu haikuwa mchezo wa darasani. Ilitupigania. Kwa muda mrefu waliosimulia asili ya miji ya Waswahili walianzia na meli. Masimulizi ya Kilwa yenyewe yanamtaja Ali bin al-Hassan wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia. Neville Chittick, Mwingereza aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake cha juzuu mbili mwaka 1974, aliuona msingi wa ustaarabu ule kuwa umetoka ng'ambo ya bahari. Macho yalikuwa juu ya misikiti ya mawe, juu ya vioo, juu ya mabakuli ya China yaliyopachikwa kwenye makaburi. Vyungu vya kienyeji vilihesabiwa, vikawekwa mwisho wa kitabu.

Kisha vyungu hivyo vikaanza kusomwa. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, akashuka hadi chini ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti midogo ya miti iliyotangulia, wa zamani zaidi ukiwa wa karne ya 8. Kuanzia tabaka la chini kabisa alikuta vyungu vyenye pembetatu zilizochanjwa. Chami, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alionyesha kwamba vyungu vya aina hiyo vimezagaa kwenye makazi ya wakulima na wafua chuma wa bara na pwani ya Tanzania, na kwamba vina nasaba na vile vilivyovitangulia. Miji haikushushwa kutoka jahazini. Iliota kutoka vijiji vya watu waliokuwa hapa, wakilima, wakivua na kupika. Vigae vya bei rahisi ndivyo vilivyowarudisha Waafrika kwenye miji yao wenyewe.

Lakini upanga wenye makali mawili hukata pande zote. Ukisema chungu hiki ni cha watu hawa, na watu hawa ndio wenye mahali hapa, umesema pia kwamba wapo wengine wasio na mahali. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala, mama ni Mzaramo, mimi nimezaliwa Temeke. Kila nikikaa na watu wa pwani hufika wakati wa swali, tena kwa upole kabisa: "Dada, wewe hasa ni mtu wa wapi?" Neno lenye uzito hapo ni "hasa". Sikuwahi kuwa na jibu la neno moja, na kanuni ya chungu ni watu haikuwa na safu ya kuniandika.

Likizo ya Desemba tulikwenda Mafia, mimi na rafiki zangu wawili wa chuo. Tulipanda boti Nyamisati tukashukia Kilindoni, tukiwa na nia ileile ya wageni wengine wanaokwenda kisiwani miezi hiyo, yaani kuogelea na papa potwe. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki mambo ya kufanya: kupiga mbizi, kwenda Chole, kutembelea magofu ya Kua, na chini kabisa, kujifunza kufinyanga, siku tatu, wanaoanza. Rafiki zangu walichagua bahari. Mimi nilichagua udongo, kwa sababu ya makala niliyokuwa nayo kwenye simu.

Makala hiyo ilitoka mwaka 2008. Stephanie Wynne-Jones na Bertram Mapunda walikuwa wamekwenda Mafia kuzungumza na wafinyanzi walio hai, wakitaka kuelewa vigae vya zamani. Walichokikuta kinavuruga mishale. Wafinyanzi wengi walikuwa wahamiaji kutoka bara, hasa Wamakonde wa kusini, ila vyungu walivyofinyanga vilikuwa vya mtindo wa Mafia. Walifinyanga kile ambacho watu wa kisiwani wanakitambua kuwa ndicho chungu. Mchimbaji wa miaka elfu moja ijayo, akiwa na vigae peke yake, angesema bila wasiwasi kwamba hapakuingia mgeni yeyote. Niliisoma mara mbili kwenye boti. Nilitaka kuona jambo hilo linatendekaje mkononi.

Mwalimu wetu alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, anayeishi kijijini, kaskazini kidogo mwa kisiwa. Tulikuwa wanafunzi wanne: mimi, mume na mke wazee kutoka Uholanzi, na kijana wa Dar aliyetaka picha. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akanitazama viatu na kusema nivivue, maana udongo hauheshimu viatu.

Siku ya kwanza hatukufinyanga kitu. Tulifanya kazi ya udongo. Ulikuwa umechimbwa kandokando ya bonde lenye maji, ukaanikwa hadi ukawa mabonge makavu. Tuliyatwanga kwenye kinu, tukayachekecha, tukachambua mizizi na vijiwe kama mtu anavyochambua mchele wa harusi. Bibi akaongeza mchanga. Nilimuuliza kiasi gani, nikiwa na daftari tayari. Akasema, "Mpaka utoshe." Akamwagia maji, tukakanda kwa visigino vya mikono hadi mabega yakalalamika. Kila baada ya muda alichukua donge dogo, akaliviringa likawa kama kidole, akalikunja. Likipasuka, bado. Lisipopasuka, alilipitisha kwenye meno ya mbele kusikia chembe. Mara ya nne alitikisa kichwa kukubali, na mimi sikuona tofauti yoyote kati ya donge la tatu na la nne.

Mchanga ule si mapambo. Udongo mtupu hunywea sana unapokauka, na unapokutana na moto ghafla hupasuka. Chembe za mchanga huupa nafasi ya kuhema. Nimewahi kukaa wiki nzima nikihesabu chembe za aina hiyo kwenye vigae kwa darubini ndogo na kujaza jedwali. Sasa nilijua kwamba kila safu ya jedwali lile ilikuwa mtu fulani aliyeweka donge menoni na kusema bado.

Siku ya pili tulianza kufinyanga, na hapo ndipo likizo yangu ilipogeuka. Nilitarajia tuanze na kitako, kwa sababu nyumba huanza na msingi. Bibi alitengeneza pete nene ya udongo, akaiweka juu ya gae kubwa lililotandikwa jani la mgomba, akaanza kuivuta kwenda juu kwa vidole, huku mkono wa pili ukizungusha gae taratibu. Alianza na mdomo. Alisawazisha ukingo kwa kitambaa chenye maji, akaunda shingo, akateremsha mabega. Chini palikuwa wazi kabisa. Ungeweza kupitisha mkono kutoka juu ukamsalimia mtu upande wa pili. Akakiacha kivulini kishike nguvu, tukanywa chai. Baadaye akakigeuza kichwa chini miguu juu, mdomo ukiwa umelala kwenye jani, akaanza kuuvuta udongo wa pembeni kuelekea katikati, akiupara kwa ndani kwa kipande cha kifuu, tundu likawa dogo, likawa la ukubwa wa sarafu, likazibwa kwa kidole gumba. Akapapasa mara mbili tatu kwa kiganja. Hapakubaki alama.

Nilijaribu. Mkono wa kushoto ulitaka kufanya kile unachofanya wa kulia, na gae lilizunguka wakati vidole havijawa tayari. Bibi hakunieleza kwa maneno. Alikaa nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akasukuma. Alisukuma hivyo karibu saa nzima, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika herufi. Yule mama wa Kiholanzi, ambaye kwao alishasoma ufinyanzi wa gurudumu, alipata shida kuliko sisi sote. Mikono yake ilikuwa inakumbuka kitu kingine. Kila alipozubaa ilirudi katikati ya udongo kutafuta kitako.

Ilipofika mchana wengine wakaenda kula, nikabaki. Nilimwambia kwamba upande wa baba ni wa Newala. Aliacha kupara. Akasema jina la kijiji ambacho sikukijua, akaniuliza kama babu yangu yu hai, nikasema alishatangulia, akasema pole. Alikuja Mafia akiwa msichana, na shangazi yake aliyeolewa na mtu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Kufinyanga alifundishwa na mama yake mdogo kabla ya kuvuka.

"Sasa bibi," nikamuuliza, "kule nyumbani mlifinyanga vyungu kama hivi?"

"Namna ya kufinyanga ni hii hii. Chungu ni kingine. Kule tunachora sana."

Akachukua kipande cha waya, akavuta karibu chungu changu ambacho bado kilikuwa kibichi, na begani mwake akachora haraka mistari inayolala, mingine inayokatisha, ikatokea safu ya miraba midogo iliyojaa. Alichora bila kutazama sana, kama anavyotia saini mtu aliyezoea kusaini. Kisha akalowesha kitambaa akafuta pambo lote.

"Mbona umefuta, bibi?"

"Nani atakinunua? Huku chungu cha wali ndicho hiki, na cha mchuzi ndicho kile. Mtu akija hapa anataka chungu anachokijua."

"Na wewe hukioni kuwa si cha kwenu?"

Alicheka. "Mjukuu wangu, nimezaa watoto sita hapa. Cha kwetu ni kipi tena?"

Makala ya Wynne-Jones na Mapunda inabeba kwenye kichwa chake wazo hilohilo, kwamba vyungu vya hapa ndivyo vinavyokuwa hivi. Ila kulisoma ni kitu kimoja, na kuona pambo la Newala likifutwa begani mwa chungu chako ni kitu kingine. Usiku ule, wenzangu wakihadithiana juu ya papa potwe mwenye urefu wa basi dogo, mimi nilikuwa nawaza juu ya mambo mawili ambayo vitabu vyangu huyafunga pamoja kwa neno moja, mtindo. Kuna kile ambacho mnunuzi anakiona, na kuna kile ambacho mkono unakifanya. Umbo na pambo hupatana na soko. Vinaweza kubadilika baina ya asubuhi na jioni. Namna ya kuanza, ya kuzungusha, ya kufunga kitako, hiyo mtu hufundishwa mara moja, kwa mikono iliyowekwa juu ya mikono, na haiombwi na mteja yeyote kwa sababu haonekani anayeiona.

Olivier Gosselain, Mbelgiji aliyefanya kazi na wafinyanzi wa Kameruni na Niger, ameliandika hili kwa miaka mingi. Hatua zinazoonekana kwenye chombo kilichokamilika, kama mapambo, huigwa kwa urahisi na husambaa pamoja na biashara na mitindo. Hatua ya kuunda mwili wa chungu hubaki karibu na ile ambayo mtu alijifunza utotoni, kutoka kwa mama, shangazi au mama mkwe, kwa sababu imekaa kwenye misuli. Mama wa Kiholanzi alikuwa ushahidi wake. Hata ile njia ya bibi, ya kuanza na mdomo na kumaliza na kitako, inajulikana kwa wafinyanzi wa Malawi na Zambia. Ni mazoea yaliyovuka mito na mipaka mingi bila kuulizwa pasipoti.

Ukirudi na jambo hili kwenye zile pembetatu zilizochanjwa, historia ya pwani inabadilika sura. Vyungu vya karne ya 6 hadi ya 10 vilivyofanana kutoka Lamu hadi Msumbiji havina ulazima wa kuwa nyayo za kabila moja lililotembea. Vinaweza kuwa alama ya watu wengi, wenye asili mbalimbali, waliokubaliana juu ya chungu kinavyotakiwa kuwa, kwa sababu walioana, walibadilishana chuma na samaki mkavu, na walikula kwa kila mmoja. Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Wynne-Jones waliviweka pamoja vigae vya makazi mengi ya kipindi hicho na kuvilinganisha upya. Walikuta kwamba chini ya ule mfanano unaotajwa sana kuna tofauti nyingi za mahali na mahali. Umoja ulikuwepo, lakini ulikuwa wa majirani wanaosikilizana, kila mmoja na lafudhi yake.

Na vyungu vilifuata chakula pia. Huko Pemba, Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua na kuonyesha kwamba kuanzia karibu karne ya 11 mchele ulianza kuipita nafasi ya uwele. Fleisher, akifanya kazi kisiwani humohumo, ameonyesha jinsi mabakuli mapana ya kupakulia yalivyopata uzito katika karne zilizofuata, karne za karamu na za watu kukaa pamoja mbele ya sahani moja. Hapakuhitajika mshale wowote kwenye ramani. Wenyeji walibadilisha mlo, wafinyanzi wakabadilisha chombo. Bibi angeelewa mara moja: chungu cha wali ndicho hiki.

Kisha kuna jambo la wanawake. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani na jirani zake, kuanzia zama za kati na kuendelea. Upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Upande wa baba, kwa wengi wao, ulikuwa na asili ya Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Magazeti mengine yalishangilia kwamba hadithi ya Washirazi imethibitishwa, mengine yakakasirika. Wengi wa waliopimwa walizikwa kwenye makaburi ya watu wenye hadhi, kwa hiyo matokeo hayo hayamsemei kila mkazi wa mji. Mimi nilichokiona ni kwamba yanakaa vizuri pamoja na vigae. Kama wafinyanzi wa wakati ule walikuwa wanawake, kama walivyo wengi leo, basi mababa walipokuja walikuta jiko limeshawashwa. Walikuja na dini, na majina, na nasaba za kuandikwa. Chungu hakikubadilika kwa sababu yao. Watoto wao walilishwa kutoka vyungu vya bibi zao upande wa mama, na hakuna aliyeandika nasaba ya vyungu.

Hapo ndipo ninapoona kinachogombewa. Vyungu vya Kwale vimetoa jina lake kwa mshale mzima wa mababu wa Kibantu. Katika Kwale hiyohiyo, Kenya, waliishi kwa vizazi Wamakonde ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walizaliwa hapo, wakazikana hapo, lakini hawakuwa na vitambulisho, kwa sababu kwenye orodha ya makabila hapakuwa na mstari wao. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais. Mwaka 2017 walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nafurahi walipata vitambulisho. Ila njia waliyopewa ya kuwa wenyeji ilikuwa kuongezewa sanduku lao katika ghala, wakati kwa miaka yote ile walikuwa tayari ni watu wa mahali pale kwa namna ambayo bibi angeitambua: kwa watoto, kwa makaburi, na kwa chakula.

Siwezi kusema kwamba historia haina haja ya asili. Chami na Horton walipambana na dharau ya kweli, na walihitaji ushahidi kwamba watu wa hapa walijenga vya hapa. Ushahidi huo umesimama. Ninachokitaka kwa kizazi chetu, ambacho hakilazimiki tena kuthibitisha kwamba Waafrika waliweza kujenga mji, ni swali jipya kwa vigae vilevile. Badala ya kuuliza kila mara ni cha kabila gani, tuulize ni nani alimfundisha nani, na ni nani alikuwa anakula. Maswali hayo mawili yana nafasi kwa mtu aliyezaliwa hapo na kwa mtu aliyevuka.

Siku ya tatu tuling'arisha vyungu kwa kokoto laini, na bibi akachoma vile alivyovifinyanga wiki zilizotangulia. Havikuingia kwenye tanuri. Alivipanga chini, akavifunika kuni, makumbi ya nazi na makuti, akatia moto upande unaotoka upepo. Ulidumu kiasi cha kuchemsha maharage. Viwili vilipasuka kwa mlio kama fataki. Hakuvitupa: kimoja, chenye mviringo mzuri chini, alikichukua kuwa gae la kuzungushia, na kingine alimwekea kuku maji. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na huwa tunalisema kwa kumhurumia fundi asiyefaidi kazi yake. Nilipomtajia, bibi alisema methali hiyo aliitunga mtu asiyefinyanga. Gae ndilo kifaa chake cha kwanza. Kila chungu alichowahi kuuza kilizaliwa juu ya chungu kilichovunjika.

Kesho yake tulivuka kwenda Juani kuona Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na usiinuke tena. Mibuyu imeingia ndani ya majumba. Mwongozaji, kijana mchangamfu, alituonyesha jumba la mfalme na misikiti, kisha akainama na kutuonyesha, bila kukigusa sana, kipande cha bakuli la China chenye ua la buluu. Rafiki zangu wakakipiga picha. Pembeni yake palikuwa na vigae vyekundu na vyeusi, vingi kuliko majani, vingine vimelala kifudifudi, vingine chali.

"Hivyo ni vya kawaida tu, dada," akasema aliponiona nimechuchumaa.

Kilichokuwa chali kilinionyesha upande wa ndani, ule ambao hauchorwi na haupigwi picha kwenye ripoti. Kilikuwa kipande cha karibu na kitako. Juu yake ilikuwapo mipapaso ya vidole, minne, sambamba, ikielekea kwenye ukingo uliovunjika, na nafasi kati ya mmoja na mwingine ilikuwa ndogo kuliko ya vidole vyangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuondoa kitu mahali kama pale, na sikutaka kukiondoa. Niliweka tu mkono wangu juu yake, bila kugusa, nikijaribu kujua kama aliyekifinyanga alikuwa anavuta kwenda katikati au anatoka katikati.

Nikamwomba mwongozaji anipe dakika tano. Akageuka kutazama mkondo, akasema maji yameanza kukupwa, ila dakika tano zipo.